Mradi Mchanga Usikimbilie Wakfu, wala Usiukimbie

Mwezi wa Desemba ukaribiapo katika wilaya za Tarime na Serengeti, shule zikafungwa na wazee wa koo wakaanza kushauriana juu ya msimu wa tohara, kazi ya kuwanusuru mabinti wasioridhia kukeketwa hutegemea, pamoja na ujasiri wa watu wenyewe, vyombo viwili visivyouzwa: ramani na fomu. Ramani ni ile ya OpenStreetMap, ambayo kila mwenye simu au kompyuta ana ruhusa ya kuisoma, kuisahihisha na kuichukua. Fomu ni ya programu iitwayo ODK, ambayo msimbo wake u wazi kwa yeyote atakaye kuutazama. Mwanakijiji wa kujitolea aliye mbali na barabara ya Mugumu, mahali ambapo mtandao haufiki, huifungua fomu hiyo katika simu yake bila ya taabu, huchagua jina la kijiji, hubonyeza pa kunasa mahali aliposimama, husubiri tarakimu ya usahihi ishuke kutoka makumi ya mita hadi mita 5, huandika habari aliyopewa na kuihifadhi. Na jioni, afikapo penye mtandao, huituma kwa walio na gari na walio na mamlaka. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilikwisha kukataza kumkeketa msichana asiyetimiza miaka 18, lakini askari wa dawati la jinsia hawezi kufika katika nyumba asiyoijua ilipo.

Ramani hiyo haikuwapo tangu dahari. Hadi mwaka 2015 vijiji vingi vya Mara vilikuwa uwanja mtupu katika OpenStreetMap, ingawa mradi huo wa dunia nzima ulikwisha kutimiza miaka 11 tangu kuasisiwa. Mwaka huo Janet Chapman, wa shirika la hisani la Uingereza liitwalo Tanzania Development Trust, alianzisha Crowd2Map Tanzania. Maelfu ya watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali wakaanza kuchora mapaa ya nyumba na njia za miguu kutoka katika picha za setilaiti, ilhali wenyeji wakitia majina ya vitongoji, shule, visima na maduka, kwa kuwa jina la mahali halionekani kutoka angani. Miongoni mwa waliofaidika mapema ni nyumba salama ya Mugumu iliyoongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba za kuwahifadhi mabinti Serengeti na Butiama.

Nimeitaja kadhia hii kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana wanaotunga programu katika miji yetu, nao aghalabu huliuliza wakiwa wamekwisha kulijibu nyoyoni mwao: je, mradi mchanga wa programu huria uingie katika wakfu mkubwa wa programu, kama ule wa Apache au wa Linux, ili upate hadhi, ulinzi na fedha? Wengi hudhani ya kwamba kuingia ni cheo, na kubaki nje ni unyonge. Wengine, waliokwisha kuona mashirika ya kigeni yakija na kuondoka, hudhani kinyume chake, ya kwamba kuingia ni kunyang'anywa. Dhana zote mbili zina kasoro moja: hazitazami ni kitu gani hasa kinachokabidhiwa, na kwa nani.

Tuanze na kitu ambacho wakfu haukilindi. Msimbo uliokwisha kutolewa kwa leseni huria hauhitaji mlinzi wa kuuzuia usipotee katika milki ya mtu mmoja, kwa kuwa leseni yenyewe imekwisha kumpa kila mtu haki ya kuunakili, kuubadilisha na kuugawa, na haki hiyo haitanguliwi kwa matoleo yaliyokwisha kutoka. Kinachobaki bila ulinzi ni vitu vingine vinne, ambavyo havimo katika leseni na wala havinakiliki: jina la mradi na alama yake, funguo, yaani nywila za hazina ya msimbo, za kikoa cha intaneti na za seva, fedha zinazochangwa kwa jina la mradi, na haki ya kuamua, pale wachangiaji wanapohitilafiana, lipi liwe na lipi lisiwe. Hivyo vinne ndivyo vinavyogombaniwa, na hivyo ndivyo wakfu unavyovishika kwa amana.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa urefu, kwani wamekaa nalo karne nyingi: nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi na aliyeitoa, haidaiwi na warithi wake, na mutawalli aliyepewa kuisimamia hana mamlaka ila ya kuiendesha kwa masharti yaliyowekwa, na hata leo Zanzibar inayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Wakfu wa programu, kwa upande wa jina, funguo na fedha, hufuata muradi ule ule. Muasisi huacha milki yake ili kitu kisimfuate kaburini, wala kisimfuate mwajiri wake mpya, wala kisimfuate mnunuzi atakayekuja na hundi.

Mnunuzi wa namna hiyo si wa kubuni. Katika miaka ya mwanzo ya Crowd2Map wenyeji walifundishwa kuongeza majina ya mahali kwa programu ya Maps.me, iliyopendwa kwa sababu ramani yake ilishushwa mara moja na kutumika pasipo mtandao. Kampuni ya Mail.Ru ya Urusi iliinunua mwaka 2014, na mwaka 2015 msimbo wake ukafanywa huria, nao wengi wakaona ya kwamba mambo yametengenea. Lakini jina, akaunti katika maduka ya programu na uamuzi wa mwisho vilibaki kwa kampuni. Na mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni ikaviuza kwa mnunuzi mwingine. Toleo jipya likatoka likiwa limebadilika mno, na watumiaji wakalalamika. Kwa kuwa msimbo wa zamani ulikuwa huria, baadhi ya waasisi wake waliuchukua na mwaka 2021 wakatoa Organic Maps, isiyo na matangazo wala upelelezi, nayo ikapendwa. Hata hivyo, Organic Maps nayo iliwekwa chini ya kampuni yenye wanahisa wachache huko Estonia. Na mwaka 2025 wachangiaji wake waliandika barua ya wazi wakitaka uwazi wa fedha na uongozi usio wa kibiashara, wasiafikiane, na sehemu yao wakajitenga na kuanzisha CoMaps. Katika muda wa miaka mitano msimbo ule ule umebadili jina mara mbili, na kila mara mwenye kuubeba mzigo alikuwa mtu wa kawaida aliyezoea alama moja katika simu yake, akaambiwa aifute na kutafuta nyingine.

Zingatia kwamba leseni huria haikushindwa katika kisa hiki. Ilifanya kazi yake yote: iliwawezesha watu kuondoka na msimbo. Isichoweza kufanya ni kuwawezesha kuondoka na jina wala na watumiaji. Mtu aliyeko Nyamongo au Natta hafuati barua za wazi za waunda programu. Yeye anajua alama ya kijani aliyoonyeshwa siku ya mafunzo, na ikibadilika, mafunzo yote yanaanza upya.

Basi yaonekana ya kwamba jawabu ni kuingia katika wakfu, na haraka. Lakini tustahimili kidogo, tukiangalia wakfu hizo ni za namna gani na zinataka nini, kwa sababu jina moja limefunika mambo mbalimbali.

Apache, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1999 na watu waliokuwa wakishirikiana tangu 1995, hupokea miradi kupitia malezi maalumu yaliyoanzishwa mwaka 2002. Mradi ulio katika malezi hukabidhi jina lake, huhakikisha kwamba kila sehemu ya msimbo ina asili inayojulikana na iliyotiwa sahihi, hubadilisha leseni yake kuwa ile ya Apache kama haikuwa hivyo, huandika ripoti za mara kwa mara, na hautoi toleo lolote rasmi pasipo kura tatu za kuunga mkono kutoka kwa wenye haki ya kupiga. Juu ya hayo yote, unatakiwa uoneshe kwamba wachangiaji wake hawatoki katika nyumba moja, ili mwajiri mmoja akifunga mlango mradi usife. Wala Apache haimlipi mtu kuandika msimbo. Mwenye kuingia kwa kutumaini mshahara ameingia mlango usio wake.

Linux Foundation, iliyopata umbo lake la sasa mwaka 2007, ni ya namna nyingine: ni muungano wa kampuni zinazolipa ada, na miradi mikubwa chini yake huwa na bajeti, mabaraza na mikutano. Kisha kuna wakfu za mwavuli, mfano wa Software in the Public Interest ya mwaka 1997, inayochukua asilimia 5 ya michango, na Software Freedom Conservancy ya mwaka 2006, inayochukua asilimia 10. Hizi hupokea fedha kwa niaba ya mradi, hushika mali yake na kuupatia mwanasheria, wala hazilazimishi leseni moja. Na kuna wakfu uliojengwa kwa ajili ya mradi mmoja tu, kama Document Foundation iliyosajiliwa Ujerumani mwaka 2012 kwa ajili ya LibreOffice. Mwenye kusema "tuingie wakfu" na asitaje upi katika hizi hajasema neno bado.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki, ambako ushahidi ni mwingi kuliko tunavyodhani. OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kwa haja iliyozaliwa Eldoret, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Haikujitia katika wakfu wa mwingine, bali baadaye iliunda shirika lake yenyewe lisilo la faida. Programu ya Ushahidi, iliyotungwa Kenya Januari 2008 katika siku za machafuko baada ya uchaguzi, nayo ikajisajili kuwa shirika lake. DHIS2, ambayo takwimu za afya za Tanzania Bara hupitia ndani yake, haimo katika wakfu wowote. Mwenyeji wake ni Chuo Kikuu cha Oslo, pamoja na vikundi shirika katika nchi nyingi, kikiwamo kile cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na ODK yenyewe, tuliyoanza nayo, ilizaliwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, ikatoka chuoni, na leo inaongozwa na kampuni ndogo ambamo yumo Yaw Anokwa, mmoja wa waliokuwa wanafunzi walioiandika. Miradi minne, na yote imefika miaka kumi na zaidi.

Mradi wa tano ndio unaohusu swali letu kwa dhati. Mifos ilizinduliwa mwaka 2006 na Grameen Foundation ili taasisi za mikopo midogo, za Afrika Mashariki zikiwa miongoni mwake, zipate programu ya kuendesha hesabu zao pasipo kununua leseni za mamilioni. Mwaka 2011 Grameen Foundation ilijiondoa. Hapo ndipo mradi ungekufa, lau si wachangiaji waliokusanyika na kuunda Mifos Initiative, shirika dogo lenye jina, akaunti ya benki na watu wachache. Waliendesha mambo kwa miaka minne, wakaandika upya msingi wa programu, ndipo mwaka 2015 wakaupeleka msingi huo katika malezi ya Apache kwa jina jipya la Fineract, nao ukahitimu mwaka 2017. Utazame mpangilio wa matendo: kwanza jamii ilithibitisha ya kwamba inaweza kuishi bila ya mfadhili, kisha ikajua ni sehemu gani inayostahili kukabidhiwa na ni ipi inayostahili kubaki, ndipo ikakabidhi. Msingi wa programu, ambao kampuni nyingi zinazoshindana hujenga juu yake, ulihitaji uwanja usio wa mtu. Shughuli za kutafuta fedha na kuwasaidia watumiaji hazikuhitaji, nazo zikabaki Mifos.

Katika hayo ninapata kipimo ambacho naona kinatosha. Wakfu mkubwa unafaa pale ambapo watu wasioaminiana, au wanaoshindana, wanahitaji kufanya kazi moja. Pale ambapo wote ni marafiki wa chumba kimoja, wakfu hauna kazi ya kufanya ila kuwataka ripoti. Kura tatu katika mradi wa watu watatu ni kupeana mikono.

Chukulia, kwa mfano, vijana watatu wa Tarime waliotunga programu ndogo ya kupokea fomu za ODK na kuzipanga kwa kata, ili mlezi wa nyumba salama aone kwa mtazamo mmoja habari zipi zimeshughulikiwa na zipi bado. Hazina ya msimbo iko katika akaunti binafsi ya mmoja wao. Kikoa kimelipiwa kwa kadi ya benki ya wa pili, nacho kinakwisha muda kila mwaka. Seva inalipiwa na mfadhili wa kigeni ambaye mkataba wake una mwisho. Na wa tatu ameajiriwa na shirika, akiandika msimbo kwa kompyuta ya ofisi baada ya saa za kazi, bila ya kuuliza kama mkataba wake wa ajira unampa mwajiri haki juu ya anachokiandika. Mradi huu una watumiaji wanaoutegemea, na hauna hata karatasi moja. Ukiupeleka Apache leo, utapewa walezi wema watakaoanza kwa kuuliza maswali hayo hayo, na vijana wetu watatumia mwaka wa kwanza wakijibu barua kwa Kiingereza, ilhali msimu wa Desemba haungoji.

Tena kuna suala la leseni, ambalo vijana hulipuuza hadi siku ya kujuta. Wenye kutumia msimbo wenye leseni ya GPL ndani ya programu yao hawataweza kuingia Apache bila ya kuung'oa, kwa kuwa sheria za ndani za wakfu huo hazikubali masharti ya leseni hiyo. Data za OpenStreetMap nazo, tangu mwaka 2012, zina leseni yao ya peke yao, inayotaka anayeziboresha na kuzitangaza azirudishe kwa masharti yale yale. Mradi unaochanganya msimbo na ramani katika furushi moja, pasipo kueleza kipi kina leseni ipi, hautapokelewa na wakfu wowote makini, na ni haki usipokelewe.

Lakini jambo zito kuliko leseni ni habari za mabinti wenyewe. Jina la mtoto, kitongoji chake, jina la aliyetoa taarifa na mahali nyumba ilipo kwa usahihi wa mita 5: hayo yakivuja, hayaleti aibu tu, huleta kisasi. Msimbo ni wa watu wote. Habari hizi si za mradi, si za wakfu, wala si za mfadhili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kuleta Tume ya kuisimamia, imeweka masharti juu ya anayekusanya taarifa za watu na juu ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kwa hiyo mkataba wowote wa kuingia katika wakfu uandikwe kwa namna inayotenga kabisa msimbo na kumbukumbu, na kumbukumbu zibaki kwa shirika la hapa nchini lenye dhamana ya kisheria kwa watoto hao. Wala isiwepo nakala ya kumbukumbu za kweli ndani ya hazina ya msimbo kwa kisingizio cha majaribio. Hilo ndilo kosa linalotendeka kwa urahisi kuliko yote, kwa kuwa mtunzi wa programu hupenda kujaribu kwa data halisi.

Na milango ya kutokea? Mwenye busara huiuliza kabla ya kuingia. Mradi wa NATS ulikabidhiwa kwa wakfu wa Cloud Native, ulio chini ya Linux Foundation, mwaka 2018. Mwaka 2025 kampuni iliyouanzisha ilitaka kurudishiwa jina na kikoa, na ikadhihirika ya kwamba alama ya biashara haikuwa imehamishwa kwa maandishi muda wote huo. Baada ya siku chache za mabishano makali kampuni ilikubali kuikabidhi alama hiyo kwa Linux Foundation. Tunajifunza mambo mawili: kinachoingia kwa kawaida hakirudi, na kisichoandikwa hakijaingia. Wakfu wenyewe nao hufa. Open Collective Foundation, iliyokuwa mwavuli wa kifedha wa mamia ya vikundi vya Marekani, ilitangaza mapema mwaka 2024 kwamba inafunga, na kabla ya mwaka kwisha vikundi hivyo vilikuwa vimelazimika kutafuta mwavuli mwingine.

Kwa upande mwingine, kubaki ndani ya nyumba ya mwingine bila ya kuwa na sauti nako kuna hasara zake, na sisi tulikwisha kuzionja. Mwaka 2004 watu wa idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, wakabuni istilahi ambazo nyingine tunazitumia mpaka sasa. Miaka sita baadaye Oracle iliinunua kampuni ya Sun iliyokuwa na jina la OpenOffice. Wachangiaji wengi wakajitenga wakaanzisha LibreOffice, na mwaka uliofuata Oracle ikaitupa OpenOffice mikononi mwa Apache. Katika mtafaruku ule wote kazi ya Kiswahili ilibebwa huku na huko kama mizigo mingine, kwa sababu jina halikuwa letu na kura haikuwa yetu.

Basi nitoe rai yangu waziwazi. Mradi mchanga wa Tarime au Mugumu usiingie katika wakfu mkubwa wa programu hadi utimize mambo matatu: uwe na watunza msimbo wasiopungua watatu wanaotoka katika nyumba mbili au zaidi, uwe unatumiwa na shirika moja angalau ambalo halikuuzaa, na uwe na kitu ambacho wengine wanaweza kukigombania, yaani jina linalojulikana au fedha zinazoingia. Likikosekana moja katika hayo, kuingia ni kujitwisha ripoti bila ya kupata ulinzi wowote. Yakitimia yote, kuchelewa ndiko kunakuwa hatari, kwa kuwa jina lenye thamani lililo mkononi mwa mtu mmoja ni fitina inayosubiri siku yake.

Katika muda wa kungoja, mwavuli mdogo ndio unaofaa, na mfano uko mbele yetu: Crowd2Map haikujenga wakfu wake, ilikaa chini ya Tanzania Development Trust, shirika lililokuwapo tangu miaka ya 1970, likapokea fedha na kutoa hesabu, ilhali wachora ramani wakichora ramani. Hapa nchini shirika lililosajiliwa kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 laweza kushika nafasi hiyo kwa mradi wa vijana, mradi tu makubaliano yaandikwe, na yaseme wazi kwamba mwavuli ni mwangalizi wa fedha, si mwenye milki ya msimbo. Jina lisajiliwe kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Na kama mradi unatazamia kutumika Visiwani, ikumbukwe kwamba usajili wa Bara haulindi Zanzibar, ambako wakala wa huko, BPRA, ndio wenye kazi hiyo.

Nasaha yangu kwa vijana hao ni fupi kuliko safu hii. Kabla ya kuandika mstari mwingine wa msimbo, kaeni chini mwandike waraka wa ukurasa mmoja: jina ni la nani, funguo ziko kwa watu gani wawili, si mmoja, leseni ni ipi, mwajiri wa kila mmoja amekubali kwa maandishi, kumbukumbu za mabinti ziko kwa nani na nani haruhusiwi kuziona, na mmoja wenu akiondoka, nani anashika nafasi yake. Utieni sahihi wote watatu, mumpe nakala mlezi wa nyumba inayowategemea. Siku wakfu wowote utakapowabishia hodi, mtakuwa na cha kukabidhi. Na usipokuja kamwe, programu itakuwa ikifanya kazi Desemba ijayo, nayo Desemba itakayofuata.